Swala Hata Moja

Siku ile Fundi Pandu alifungiwa mara mbili: kwanza ndani ya neno, kisha ndani ya chuma. Cha chuma kilikuwa na nafuu, maana kilikuwa na matundu ya kupumulia.

Pandu ni mtu wa Unguja, fundi cherehani, ana kibanda chake Fordsburg, Johannesburg, ndani ya jengo kubwa la maduka. Anashona kanzu, anapunguza suruali, anabadilisha zipu zilizowashinda wenyewe. Ni mwembamba na mpole. Akipita mlangoni hugeuka ubavu hata mlango ukiwa wa kupita gari, ni adabu tu. Porini hajawahi kulala. Paa alilolijua maishani ni moja, la bati, la nyumba ya mama yake, nalo lilivuja.

Huyu Pandu alimpenda Yasmin. Yasmin alimletea mapazia apunguze. Baada ya wiki akayarudisha apunguze tena. Wiki ya tatu akaja nayo yarefushwe. Mtu mzima haambiwi mapazia yale yalikuwa na ugonjwa gani.

Ila Yasmin alikuwa na kaka, na kaka mtu alikuwa na donda. Mume wa kwanza wa Yasmin alitoka asubuhi moja akisema anakwenda Durban kufuata mzigo, na mpaka masheikh wanaivunja ndoa ile mzigo ulikuwa bado uko njiani. Karimu, kaka mtu, mwenye bucha, akaapa kwamba mume wa pili atampima kwa mkono wake mwenyewe, kama anavyopima nyama, kidole gumba hakitagusa mizani.

Ikabidi mshenga atafutwe, akapatikana Bi Mwanaharusi wa Mayfair, mtaa wa jirani, bibi wa sambusa, ambaye kwa kuoza watu ana mkono mwepesi na kwa kucheka watu ana mwepesi zaidi. Akajitwisha kanga mbili, akaenda buchani.

"Ana sifa gani huyu fundi?" Karimu alimuuliza, kisu mkononi.

"Mpole, hana deni, hanywi, na swala hakosi."

Kisu kikasimama. "Hakosi? Hata moja?"

"Hata moja, mwanangu."

Sasa hapa ndipo mambo yalipopinda. Karimu kazaliwa hapa hapa Johannesburg. Kiswahili chake kakiokota barabarani kama mtu aokotaye kuni, lolote lililowaka ni sawa. Kwake mtu, mbuzi na kijiko vyote ni ngeli moja. Atakwambia "ng'ombe ile kubwa" wala hatahisi kitu kikimkwama kooni. Tena ni mtu ambaye kila majira ya baridi hupanda Limpopo na bunduki, akarudi na swala amelala nyuma ya bakkie, pikapu yake. Neno hilo likitajwa yeye huona pembe. Swala ya mswalani huijua pia, lakini hiyo hukutana nayo Ijumaa kwa Ijumaa, kama jamaa wa mbali.

Bi Mwanaharusi akarudi kwa Pandu akitabasamu.

"Kaka mtu kafurahi hadi kaniongezea maini. Alhamisi atakupitia, mwende mkachague kitu."

"Kitu gani, Bibi?"

"Sikusikia vizuri, baba. Masikio ya uzee haya."

Masikio yale husikia jirani akivunja yai. Lakini Pandu hakuuliza zaidi. Alidhani ni mswala wa zawadi. Alikwenda hata kunyoa.

* * *

Alhamisi baada ya adhuhuri Karimu akaja na bakkie yake ya safu mbili za viti. Bi Mwanaharusi alikuwa ameshakaa nyuma. Eti ameomba lifti, ana haja zake njiani, na chombo cha sambusa kipo mapajani. Pandu akatoa shikamoo, akapanda mbele, akafunga mkanda.

"Fundi," Karimu alianza walipopita robot ya kwanza, taa za barabarani, "wewe unapenda swala ya karibu ama ya mbali?"

Pandu aliona ni swali zuri la shemeji mtarajiwa. "Ya karibu. Kwa nini mtu aende mbali na karibu ipo?"

"Eish! Hata mimi. Karibu kabisa, ndani ya miti. Kuna watu wanataka uwazi, wapige mbali mbali, waonekane."

"Kujionyesha si vizuri," alisema Pandu, na alimaanisha. "Swala ya kujionyesha haina thamani."

"Haina! Nyama yenyewe inaharibika." Gari la abiria likapiga honi pembeni, Pandu hakuyasikia maneno ya mwisho. "Na kelele je?"

"Inategemea. Ya alfajiri napiga kwa sauti. Ya mchana kimyakimya, hata aliye ubavuni asisikie kitu."

Karimu akapiga mluzi. "Kimya kabisa! Fundi iko na vyombo!"

Nyuma kule Bi Mwanaharusi alipaliwa na kitu. Akakohoa, akajifuta macho kwa kanga.

"Na saa gani ndiyo tamu?"

"Zote tamu. Lakini alfajiri, kabla jua halijachomoza, ina utamu wake."

"Sharp! Hapo ndiyo zinashuka kunywa maji."

Pandu akageuza shingo polepole. "Zinashuka... nani wanashuka kunywa maji?"

"Swala, fundi. Si ndiyo tunaongea?" Karimu akampiga paja. "Nilipoambiwa hukosi hata moja nikasema huyu ndiye. Yasmin nikamwambia, yule wa kwanza hakuwa mtu, huyu ni mtu. Bucha nzima inajua. Mjomba wangu Tanga anajua. Leo unanichagulia risasi ya kichakani, halafu Jumamosi tunaenda na bunduki yangu ya zamani, wewe unapiga ya kwanza, mimi naangalia. Kitu moja tu mimi nachukia, fundi. Uongo. Yule wa Durban alikuwa na mdomo kama asali."

Gari likakata kona. Mbele yao duka, na juu ya duka ubao uliochorwa bunduki ndefu kama mkono wa serikali.

Neno likamgeuka Pandu mdomoni kama kipande cha muhogo wa moto: kumeza hawezi, kutema mbele za watu hawezi. Angelisema pale pale, lingekuwa jambo la kucheka. Lakini alichelewa pumzi moja, na pumzi moja ikazaa ya pili. Mara gari limeegeshwa, na Karimu anamfungulia mlango kwa heshima.

* * *

Duka la bunduki haliingiwi kama duka la vitenge. Kuna mlango wa chuma wa nje, ukipita unajikuta kwenye kizimba, upana wake kama meza ya kukatia nguo na urefu wake kama kaburi la mtu mrefu. Mbele yako kuna mlango mwingine wa chuma. Wa pili haufunguki mpaka wa kwanza ujifunge. Nje alisimama mlinzi, Octave, Mkongo wa Lubumbashi mwenye kofia na kibonyezo mkononi.

"Karibuni ba-Papa. Mama, pole pole, miguu."

Kizimbani palikuwa na kigoda cha mlinzi na chungu cha ua lililokufa kwa kiu, udongo mkavu kama unga. Wakapita mmoja mmoja, vyuma vikigonga nyuma yao. Kila kishindo Pandu alikihesabia dhambi.

Mwenye duka alikuwa mzungu mnene wa makamo, Kiswahili kajifunza kwa wateja, nyuma yake ukutani kichwa cha swala kilichokaushwa, macho ya kioo, kikimtazama Pandu kana kwamba wanafahamiana.

Karimu akaeleza shida yake. Kule anakowinda ni miiba na vichaka vilivyoshikana. Humwoni mnyama mpaka uko karibu ya kumwazima kiberiti. Bunduki aliyonayo ni ya risasi nyembamba yenye mbio kali, nzuri kwa uwanda. Kwa karibu inampasua mnyama ndani, bega zima linakuwa damu iliyovilia, na bega la namna hiyo buchani hata paka analipa kisogo. Anataka bunduki ya pili, ila kwanza achague risasi, kwa sababu bunduki hufuata risasi, si risasi kufuata bunduki.

Mzungu akapanga risasi kwenye kitambaa cha kijani. Moja nyembamba, shingo ndefu, kama sindano ya kushonea hariri. Moja ya kati, ambayo kila mtu anayo. Moja fupi nene, pua butu, kama kidole gumba cha mkulima.

"Muulizeni huyu," alisema Karimu. "Yeye ndiye mjuzi."

Macho yote yakamwangukia Pandu, yakiwemo ya kioo. Bi Mwanaharusi akavuta kiti, akakaa kama mtu aliyekata tiketi.

Pandu akaokota ile nyembamba. Vidole vyake vya ushonaji vikaipima vyenyewe, yeye hakuviambia. Hakujua lolote, basi akashika alichokijua.

"Kitambaa kizito," alianza, sauti ikimtoka puani, "hakitaki sindano nyembamba yenye haraka. Ukiendesha mbio kwenye turubai, sindano inachana uzi, inachana na nguo. Karibu hakuhitaji mbio." Akaiweka chini, akaigusa ile fupi. "Kwa karibu ningechukua nene. Ya pole pole. Iingie, itoke, ikuachie tundu unaloliona."

Pandu akangoja kucheka kwao, na moyoni alikuombea kuje, apate kupumua.

Mzungu akapiga meza. "Huyo ni mwindaji! Siku nzima naeleza vijana hawaelewi. Pua butu, nzito, mwendo wa taratibu. Haipasukipasuki ndani, nyama utaila mpaka ukingoni mwa tundu. Inatokea upande wa pili, na damu inadondoka uifuate kichakani. Zaidi ya mita mia na hamsini haifai, lakini kule kwenu mita hizo hamna." Akamwinamia Pandu kama wanaopeana siri. "Na wale wanaosema risasi nzito inapasua matawi ikaendelea kunyooka?"

Pandu akatikisa kichwa kwa huzuni, kwa sababu ndicho kitu pekee alichokuwa na nguvu nacho.

"Sawasawa! Hakuna inayopita kwenye tawi bila kupotoka. Ngoja upenyo. Mjuzi hahitaji kufundishwa."

Karimu alivimba kama andazi. Bunduki ya risasi nene ikawekwa kando kungojea kibali cha polisi, na Pandu akatembezwa kuiona, akashikishwa, akaambiwa aiweke begani. Aliiweka kama mtu anayepokea mtoto mwenye nepi mbichi. Mzungu akasema hicho ndicho kitu anachokipenda kwa wazee wa porini, hawana mbwembwe.

Saa zikapita, maana Karimu akiingia duka lile hatoki kirahisi. Pandu alichungulia dirishani, kivuli cha nguzo ya umeme kimelala barabarani kirefu. Alasiri ilikuwa imeingia zamani.

"Twendeni," alisema. "Tafadhali."

* * *

Wakaingia kizimbani wote watatu kwa pamoja, wa ndani ukajifunga nyuma yao, paa! Octave akanyanyua kibonyezo afungue wa nje. Hakikulia. Taa ya duka ikazimika, feni ya kupasha joto ikazunguka mara ya mwisho kwa uvivu, ikafa.

"Eh, ba-Papa! Kuran imeenda!" Octave alipiga kelele.

"Kurani imekwenda wapi?" Pandu akaruka, na moyo wake ukajua hii sasa ndiyo adhabu.

"Astaghfirullah, mtoto wa watu anasema umeme," alisema Bi Mwanaharusi. "Wakongo huuita hivyo."

"Bameiba tena waya kule kwa kona," Octave akaeleza. "Betri nayo ilikufa juzi. Bado habajaleta ingine."

Mzungu akaja hadi kwenye chuma cha ndani. Alikuwa na aibu, lakini ufunguo hakuwa nao. Ufunguo wa mkono hukaa kwa kampuni ya ulinzi, kwa sababu ukikaa dukani jambazi ataudai. Akapiga simu. Gari la ulinzi liko njiani, wakamwambia, ila robot zote za mjini zimekufa, magari yamefungana kama nyuzi.

Katika mshtuko ule wa kwanza udhu wa Pandu ulitenguka. Waungwana hawaelezi udhu wa mtu hutenguka vipi. Tuseme tu kizimba kilikuwa kidogo na Bi Mwanaharusi akafunika pua kwa kanga.

"Pole, baba," alisema. "Ni baridi."

Wakakaa. Yaani Bibi alikaa kwenye kigoda, wanaume walisimama. Pandu alikuwa na chuma mbele, chuma nyuma, Karimu ubavuni, na Karimu hakunyamaza. Alieleza Jumamosi itakavyokuwa. Wataondoka Ijumaa jioni. Kuna mzee wa shamba anataka kumwona fundi akipiga. Kuna binamu watatu watakuja. Yasmin ameanza kusaga viungo vya nyama. Kila neno lilikuwa kufuli jingine, na kufuli zote zilikuwa zikining'inia kifuani mwa Pandu.

"Wewe huongei, fundi."

"Nasikiliza."

"Ndiyo mnavyofanya nyie, nasikia. Kimya, kimya, halafu pwa!"

Nje, kivuli cha nguzo kilishapanda ukuta wa pili. Jua likaanza kuingia rangi ya chungwa. Pandu akatazama gari la ulinzi, halipo. Akatazama jua. Kijasho kikamtoka na huku ni baridi ya Julai. Alasiri ilikuwa ikimwishia mikononi. Hajaikosa swala tangu mama yake alipomfundisha kufunga mikono. Hata siku ya msiba wa mama huyo huyo hakuikosa.

Na akiiswali hapa, Karimu atamuuliza kwa nini asingoje, na jibu lake lina ukweli wote ndani.

Akapiga magoti mbele ya kile chungu. Akapiga viganja juu ya udongo mkavu, akapuliza, akapangusa uso. Akapiga tena, akapangusa mikono.

"Unatafuta nini kwenye udongo?" Karimu akashangaa. "Nyayo?"

"Natayamamu. Nataka kuswali. Kibla ni huko ndani ya duka."

"Ngoja tutoke, fundi. Utaswali nyumbani ukifika."

"Nikifika itakuwa imekwisha." Pandu akasimama. Sauti haikumtoka puani safari hii. "Ndugu yangu Karimu, mimi swala sijakosa hata moja. Moja. Hii. Ya kurukuu na kusujudu. Yule mwenye pembe sijawahi kumkosa kwa sababu sijawahi kumpiga. Bunduki nimeshika leo."

Karimu akanyanyua kidole kimoja. Akakitazama.

"Swala... hata moja," alisema polepole, kama mtu anayepapasa swichi gizani.

"Angekuwa mnyama," akasaidia Bi Mwanaharusi kutoka kwenye kigoda, "ningesema hata mmoja, mwanangu. Darasa la pili hilo. Mnyama ni mmoja, ibada ni moja."

"Bibi! Ulijua?"

"Nilijua tangu kisu chako kiliposimama. Nikasema wacha niwahi kiti cha mtazamaji."

Karimu akapiga chuma kwa kiganja hadi Octave akaruka kule nje. "Umeniacha nimwambie mjomba! Bucha nzima! Na wewe fundi, saa nzima dukani unaniambia nene, pole pole, ulikuwa unaongea nini?"

"Sindano," alisema Pandu. "Nilikuwa naongea sindano."

"Mungu wangu. Nimechagua bunduki kwa sindano." Akageuka, na kwa kuwa hapakuwa na pa kugeukia akarudi alipokuwa. "Uongo ni uongo. Yule wa Durban alianza hivi hivi. Tukitoka hapa, wewe shika njia yako na cherehani yako. Yasmin nitamwambia mwenyewe."

Neno lile lilimchoma Pandu, akalihisi linavyopita na linavyotokea upande wa pili. Lakini jua halikungoja.

"Una haki ya kukasirika," akasema. "Hasira itatungoja hapa hapa, haina pa kwenda. Alasiri haingoji. Naomba uniachie nafasi ya kusujudu."

Nafasi yenyewe haikuwepo. Mtu mmoja akisujudu kizimbani mle, wa pili ama apande ukutani kama mjusi ama asujudu naye. Bi Mwanaharusi alikuwa ameshamaliza yake, amekaa, kwa ishara, magoti yake yana ruhusa yao. Akanyanyua miguu juu ya kigoda. Pandu akamwomba mzungu, samahani, kile kichwa kilichoko kibla akifunike. Mzungu akavua kofia yake akakivika swala hadi machoni.

Karimu akasimama na hasira zake. Kisha akatukana kidogo kwa Kizulu, akatayamamu, akajipanga kulia kwa Pandu. Hakuwa na pengine pa kusimama.

* * *

Pandu alisoma kimyakimya, kama alivyosema garini, hata aliye ubavuni asisikie kitu.

Walikuwa wameinuka kutoka rukuu ya rakaa ya tatu pale taa ya duka ilipowaka. Feni ikakohoa. Nyuma yao chuma cha nje kikalia, zzzzz, kikaachia, na upepo wa barabara ukawapiga visogoni.

"Imefunguka!" Octave akapaza sauti. "Ba-Papa, tokeni mbio! Haikawii!"

Pandu aliusikia mlango kwa kila unyoya wa mwili wake. Mlango wazi, hatua mbili, barabara, hewa, hakuna Karimu, hakuna Jumamosi, hakuna binamu. Kwa pembe ya jicho aliuona mguu wa kulia wa Karimu ukiinuka. Ukaning'inia. Yeye akasema Allahu akbar, akashuka kusujudu.

Bi Mwanaharusi hakuwa na rakaa ya mtu. Alishuka kigodani, akabeba chombo chake, akapita nyuma ya visigino vyao akitoka kama malkia, na mlango ukajifunga nyuma yake, paa! Hapo hapo taa ikazimika tena. Umeme ulikuja kiasi cha mtu kupiga chafya tatu.

Pandu akatoa salamu kulia, na kulia kule Karimu alikuwapo bado, amekaa, macho kwenye sakafu. Akatoa salamu kushoto, na kushoto ni chuma.

Wakakaa hivyo, magoti yamegusana.

"Mlango ulifunguka," Karimu alisema mwishowe. "Hukusikia?"

"Nilisikia."

"Ungetoka. Nimeshakufukuza. Ungekuwa umefika Fordsburg saa hii."

"Nilikuwa rakaa ya tatu."

Karimu akakuna ndevu. Nje watu walikuwa wanarudi makwao kwa miguu, magari yamesimama, honi zinalia bila matumaini. Gari la ulinzi halikuonekana.

"Yule wa Durban," alisema, "hata chakula Yasmin akikipakua, simu ikilia, anatoka. Mgeni akibisha, anatoka yeye, mgeni anaingia. Mama yangu alisema mtu huyu mlango ukifunguka yeye hawezi kujizuia, kama kuku." Akautazama mguu wake. "Mguu wangu uliondoka, fundi. Uliuona?"

"Sikuangalia miguu ya mtu," akasema Pandu, na kwa kuwa alikuwa amechoka na uongo, akaongeza: "Niliuona. Ukarudi."

Karimu akaanza kucheka. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda, kikamtikisa mpaka chuma kikatikisika naye, na mzungu kule ndani, bila kujua lolote, akacheka pia kwa adabu. Pandu hakucheka. Alikuwa bado hajui amefungwa au amefunguliwa.

"Jumamosi utakuja," Karimu alisema akijipangusa. "Bunduki nabeba mimi. Wewe utaniamsha alfajiri, ile ya kwa sauti. Mimi nitakufundisha swala ile... nini, Bibi?"

"Yule!" Bi Mwanaharusi akajibu kutoka nje, ambako alikuwa amekaa kwenye kreti la Octave, wanakula sambusa. "Swala yule mmoja, swala ile moja. Utaandika mara mia."

"Mimi nakufundisha huyo mmoja, wewe unanifundisha hizo moja moja. Na bunduki ile nene nachukua. Mzungu anasema ni nzuri, wewe unasema ni sindano, mimi sijali."

"Na Yasmin?" Pandu akauliza. Sauti ilimrudia puani.

Karimu alikuwa anamtazama Bibi, ambaye amejinyanyua, amekuja hadi kwenye chuma, na anapenyeza mkono katikati ya nondo. Mkononi, sambusa, imebaki peke yake.

"Mtatoka usiku nyie," alisema. "Watu wawili, sambusa moja. Sasa nione aliyeelewa somo."

Karimu akaipokea. Akaivunja, ikavunjika vibaya, upande mmoja ukabaki na nyama yote. Akaupima kwa macho, kama mwenye bucha. Kisha akaunyoosha ule wenye nyama.

"Kula, shemeji," alisema.

Pandu akala. Ilikuwa na pilipili nyingi, machozi yakamtoka, na hapakuwa na mahali pa kugeuza uso.